Jinsi ya Kukusanya Data Merikit na Kuziacha Palepale

Kwanza mlipe dereva aliyekuleta Merikit, mashariki mwa Uganda, muage, arudi zake Tororo mjini. Gari jeupe lenye nembo ubavuni hujibu maswali kabla hujayauliza. Likisimama chini ya mwembe, kila nyumba ya Merikit inakuwa maskini ghafla, kila mtoto analala ndani ya chandarua, kila choo kina kopo la maji na kipande cha sabuni, na hakuna hata mume mmoja aliyewahi kumpigia mkewe kelele. Utajaza hojaji mia mbili kabla ya saa nane mchana, na hutakuwa umejifunza kitu. Njoo kwa bodaboda. Kazi hiyo ilizaliwa papa hapa mpakani, Busia, vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kabla hamjafika, huyo aliyekubeba atakuwa amekueleza mambo matatu ambayo hayamo kwenye hojaji yako. Yaandike jioni, kwa idhini yake.

Ukishuka, usiseme “Mimi ni mtafiti.” Sema “Yoga,” salamu ya Kiteso, kisha usubiri kuitikiwa. Mama mtu mzima ni toto, mzee ni papa. Keti pale utakapoonyeshwa, hata kama ni kigodani na umevaa suruali ya kazi za ofisini.

Watu wa pembe hii, kuanzia Mwamba wa Tororo hadi Busia zote mbili, wamekwisha kuulizwa sana. Tororo ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o na malale tangu enzi za ukoloni. Upande wa Kenya, kuanzia 1998, shule 75 za msingi za Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu. Michael Kremer, mmoja wa walioongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Nagongera, humu humu wilayani Tororo, nyumba 100 zilianza mwaka 2011 kutundikiwa mitego ya taa mara moja kwa mwezi ili mbu wahesabiwe. Ni kazi za maana, na nitazirudia. Lakini wewe umesema unakuja kufanya utafiti tendaji, na hapo mambo yanabadilika.

Utafiti tendaji hauishii kwenye kujua. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akahamia Marekani, aliueleza mwaka 1946 kuwa ni mzunguko: mnapanga, mnatenda, mnaangalia kilichotokea, mnapanga upya. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake, Watanzania na Wafini, waliusukuma mbali zaidi katika mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo, ambako wakulima na wafugaji walichunguza hali zao wenyewe bega kwa bega na watu wa chuo kikuu. Kwa hiyo data zako zina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Yule atakayebadilisha shamba lake, darasa lake au kisima chake kwa sababu ya namba hizo ndiye wa kwanza kuzihesabu, wa kwanza kuzisoma, na wa kwanza kuzikataa zikiwa na makosa. Maagizo yangu yote yanatoka hapo.

Vibali usivikwepe. Uganda unapita Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha ofisi ya mwakilishi wa Rais wilayani, kisha kaunti ndogo, kisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kama swali lako linavuka mpaka, na hapa maswali mengi yanavuka, kwa kuwa Wateso wapo pande zote mbili na ndoa zao, ng'ombe wao na biashara zao haziulizi pasipoti, utahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na baraka za chifu na naibu wake. Chukua mihuri yako yote, ikunje, iweke mfukoni. Ni ya kukulinda wewe na wao. Si ya kumtishia mama anayepalilia karanga.

Mwenyekiti wa LC1 ni mtu wa kuheshimiwa, lakini usimwachie kazi ya kukuchagulia watu. Atakupeleka kwa shemeji yake, kwa mkulima bora, na kwa mjane mmoja anayeonyeshwa kila mgeni. Robert Chambers, aliyefanya kazi Kenya kwa muda mrefu, aliandika mwaka 1983 kuhusu wataalamu wanaozuru vijiji vya kando ya lami, wakati wa kiangazi, wakizungumza na wanaume wenye uwezo, kisha wakarudi mjini na kusema wameiona shida ya vijijini. Njia ya kuepuka aibu hiyo ni nyepesi. Waombe wanakijiji wachore kijiji chao chini kwenye udongo, kwa vijiti, majivu na majani. Kila nyumba iwe na jiwe lake. Wape nusu saa wagombane kuhusu mahali kinapopita kijito. Kisha teua mwenyewe: kila jiwe la tano, bila huruma, hata kama ni nyumba iliyo ng'ambo ya kinamasi na mvua ya Aprili imekwisha anza. Na uende kwa miguu.

Sasa nikueleze jambo ambalo wageni wengi hulipita wakiwa na haraka ya kufungua vishikwambi vyao. Kijiji tayari kina mbinu yake ya kukusanya data, tena kali kuliko yako. Nenda siku ya kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, omba ruhusa, kaa nyuma, ufunge mdomo. Utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna awezaye kulifungua peke yake nyumbani. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kabla ya kufunga, salio linatajwa na wanachama wanatakiwa kulikumbuka. Kikao kijacho kinaanza kwa kuuliza lilikuwa shilingi ngapi. Asiyejua kusoma anajua salio. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo umejaa Uganda na Kenya. Fikiria data zako za visima, za utoro shuleni, za magonjwa ya mihogo, zikitunzwa hivyo: zimehesabiwa hadharani, zimeandikwa mbele ya wenyewe, zimekumbukwa kwa kichwa, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuzipakua usiku. Ninataka watafiti wajifunze kwa wanawake hao kabla ya kuwafundisha chochote. Vikundi vya kuzikana navyo vina daftari zao za michango: nani alitoa, lini, kwa msiba gani. Miaka mingi ya uchumi wa kijiji imelala kwenye daftari la kurasa 96 lenye jalada lililochanika. Omba kulisoma kwa heshima, ukikataliwa shukuru, na usipige picha kwa kuibia.

Ukifika kwenye namba za mashamba, weka pembeni swali la “mwaka jana ulivuna kilo ngapi za muhogo?” Hakuna anayejua, na hakuna sababu ya kujua. Muhogo hauvunwi siku moja. Mama anang'oa mashina mawili leo kwa chakula cha jioni, matano Jumamosi ya kukausha na kusaga, moja jirani ameomba, na mengine yanabaki ardhini yakingoja ada ya shule. Ukimlazimisha akupe kilo, atakupa, kwa sababu amelelewa vizuri na hataki uondoke mikono mitupu. Hiyo namba utaiingiza kwenye kompyuta, utaitafutia wastani, utaipa desimali mbili, na itakuwa adabu ya mtu mmoja iliyogeuzwa takwimu ya wilaya.

Fanya hivi. Chukua mizani ya kuning'iniza, nendeni naye jikoni, mpime pamoja beseni lake, debe lake, kikapu chake na kile kikombe cha plastiki anachopimia unga sokoni. Mara moja tu. Kuanzia hapo aendelee kuhesabu kwa vyombo vyake, kama alivyozoea, na kila jioni mtoto atie alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: picha ya beseni, alama chini yake. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na rekodi ambayo yeye anaweza kuisoma bila wewe. Na atagundua mambo. Ataona ni wiki gani chakula kilipungua, na kwamba ni ileile aliyouza mtama ili kulipa deni.

Ng'ombe ni habari nyingine. Usiulize idadi ya ng'ombe siku ya kwanza, wala ya baiskeli, wala ya mabati. Wazee wa hapa wanaikumbuka kodi ya kichwa iliyokadiriwa kwa kuangalia mali ya mtu, hadi Uganda ilipoisimamisha mwaka 2005. Mgeni mwenye kalamu anayezunguka boma akitikisa kichwa na kuandika amekwisha kufahamika miaka mingi. Watu walikuwa wakimwona tu, wanakimbilia vichakani. Mzee anaposema “hawa ng'ombe ni wa shemeji yangu,” anaweza kuwa anasema kweli, kwa maana mifugo huwekwa kwa ndugu hapa na pale. Kama idadi ya ng'ombe ni muhimu kwa hatua mnayotaka kuchukua, wenyewe wataitaja siku mtakapojadili josho au chanjo, bila kuulizwa. Kama si muhimu, kwa nini uliiweka kwenye hojaji?

Mazungumzo ya kundi nayo yana sheria zake. Mwanadamu hasemi jambo lilelile mbele ya baba mkwe, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya dada yake. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa upande wa Kenya na kuchapisha kazi zake miaka ya 1970 na 1980, aliandika kwa kirefu kuhusu jinsi watu wanavyoketi kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu: nani anaketi na nani, nani hawezi kushiriki chungu kimoja na nani. Ukiitwa, nenda. Kama hunywi, sema hunywi, ukae vilevile. Lakini sikiliza ukijua kwamba pale unasikia kijiji kikizungumza kwa sauti ya pamoja, na wapo wasiokuwemo. Wafuate kesho kisimani, kwenye mashine ya kusaga, njiani kutoka kanisani. Wanawake walioolewa hivi karibuni, vijana wasio na shamba, walemavu, mtu aliyehamia kutoka ng'ambo ya mpaka: hawa watakuambia kisima kinagawanywaje hasa. Mkalimani wako asiwe mtoto wa mwenyekiti. Na kama wanaume wamesema tatizo ni maji na wanawake wamesema tatizo ni ulevi, usitafute wastani. Yote mawili yabaki yameandikwa, kila moja na mwenyewe, mpaka kikao kitakapoweza kuyabeba.

Shuleni, mtafiti bora ni mwalimu mwenyewe, na utafiti tendaji ulikua sana mikononi mwa walimu. Mwalimu wa Merikit anayetaka kujua kwa nini darasa la nne linapungua baada ya chakula cha mchana asianze na rejista. Wale wa mradi wa minyoo wa Busia walilijua hilo mapema: mahudhurio waliyapima kwa kuingia shuleni bila kutoa taarifa na kuhesabu vichwa vilivyopo, maana rejista huandika kile ambacho ofisi inatamani. Mwalimu yeye hahitaji kuvizia. Aweke makopo mawili mlangoni na rundo la kokoto. Anayeingia asubuhi anatia moja kwenye la kwanza, anayerudi mchana anatia moja kwenye la pili. Ijumaa watoto wahesabu wenyewe, wachore nguzo ubaoni. Hesabu zimefundishwa, data zimepatikana, na hakuna jina la mtoto lililotajwa. Halafu waulizwe, kwa Kiteso, kwa makundi, wasichana peke yao na wavulana peke yao: kwa nini kopo la pili ni jepesi? Jibu laweza kuwa chakula. Laweza kuwa choo kisicho na mlango. Laweza kuwa mwalimu mwenyewe na fimbo yake, na hapo ndipo utafiti tendaji unapokuwa kazi ya kiume na ya kike, kwa sababu huwezi kuipeleka ripoti hiyo kwa mtu mwingine ashughulikie.

Kwa mkulima, uliza kuhusu kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalojipachika kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kuyanyonya yakiwa machanga. Tororo na Busia zote zinalijua. Hapa kuna mfano wa kuigwa: mashamba darasa, yaliyoletwa Kenya magharibi na mashariki mwa Uganda kwa msaada wa FAO na IFAD mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakulima hukutana kila wiki shambani, huangalia mimea michache waliyoichagua, hupima urefu, huhesabu majani na wadudu, kisha huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, marafiki wa mkulima upande mwingine, hali ya mvua na jua juu. Ndipo huamua la kufanya wiki hiyo. Ukusanyaji, uchambuzi na utekelezaji, vyote kabla ya saa tano asubuhi. Kikundi kinachotaka kujaribu mbinu ya vuta-sukuma ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, yaani desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za mifugo pembeni, kiache vipande viwili vya shamba kando kwa kando, kimoja na mbinu, kimoja bila. Mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, mkono uleule. Wahesabu miche ya kiduha kila baada ya wiki mbili. Usiwaambie matokeo yanayotarajiwa. Wao si watu wa kushawishiwa na kipeperushi, na wana haki ya kushangazwa na shamba lao.

Damu na mbu vinataka uangalifu wa pekee. Hofu ya wageni wanaochukua damu ina historia ndefu Kenya na Uganda. Luise White aliiandikia kitabu kizima mwaka 2000, na hakuwacheka waliokuwa na hofu hiyo. Ukitoboa kidole cha mtoto, mama aone tone linakwenda wapi, asome jibu pamoja nawe, apewe dawa ikihitajika, hapohapo. Ukitundika mtego chumbani, asubuhi wahesabuni mbu pamoja na mwenye chumba. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Namba hiyo ikitajwa semina Kampala inaandikwa daftarini. Mwambie baba wa watoto watano kwamba ni zaidi ya mara moja kila usiku, kwa kila mtu, na kikao kitanyamaza. Vyandarua viligawanywa kwa wingi mwishoni mwa 2013, unyunyiziaji wa dawa majumbani ukaanza Desemba 2014, na malaria Nagongera ikashuka sana. Mitego ile ndiyo iliyoshuhudia. Huo ndio uzito wa kuhesabu kwa uaminifu. Majibu ya VVU, mimba, ugomvi wa ndani, hayo hayaingii kwenye sanduku la kufuli tatu wala kwenye kikao chochote. Ni ya mwenyewe, na ukiyasikia bila kuyatafuta, yafie kwako.

Halafu ije siku ya kusoma. Tenga muda wake mrefu kuliko wa kukusanya. Bandika karatasi zote kwenye ukuta wa kanisa au wa shule, toa kokoto, alama, michoro, na uwaachie wasome wao. Watasema “hii si kweli,” na utapaswa kufurahi. Upande wa pili wa mpaka, Busia na Teso, watafiti waliwahi kuzipa shule vitabu vya kiada wakitegemea alama zitapanda kwa wote. Zilipanda kwa wale waliokuwa wakiongoza tayari, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Naamini kikao kimoja cha wazazi kilichosomewa vitabu vile kwa sauti kingelisema hilo kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Watafiti wale walitangaza matokeo yao kwa uaminifu, na ninawaheshimu. Ninachotaka ni ule mwaka ambao mtoto aliupoteza.

Unapoondoka, acha karatasi zenyewe, si muhtasari wake. Nakala ya Kiteso ikae kwa katibu wa kikundi, ndani ya sanduku. Nakala ya shule ikae shuleni, mahali ambapo mwalimu mpya ataiona. Ya Kiingereza ipelekwe na wanakijiji wawili, si na wewe, kwenye ofisi ya kaunti ndogo na kwa kamati ya parishi, kwa kuwa tangu 2022 serikali ya Uganda imepanga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kila mwaka, na wenye namba zao mkononi huwa na la kusema fedha hizo zinapojadiliwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wasifike Juni bajeti ikiwa imekwisha fungwa. Wape nauli ya boda, kwenda na kurudi.